Kambare wa Sita

Dada yangu,

Salamu zangu zikufikie wewe na shemeji, pamoja na mpwa wangu ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu. Natumai goti lako limepoa na ngazi za hapo kwenu hazikutesi tena. Mimi sijambo. Kazini bado natengeneza meno ya watu nisiowajua sura. Wiki hii nimemaliza seti mbili za juu na daraja moja la meno matatu, na mkuu wangu hakupata pa kulalamika, jambo lililomkosesha raha siku nzima. Nyumba iko vilevile. Bomba la jikoni linavuja upande uleule, na tunalikingia bakuli lilelile.

Najua sharti lako. Uliniambia tuandikiane habari zote isipokuwa za Baba, na kwa miaka tisa nimelishika, mpaka barua zangu zikawa kama za mtu anayeishi peke yake. Leo nalivunja. Baba atapasuliwa moyo tarehe kumi na tisa mwezi huu. Daktari alitueleza kwa upole mwingi, na sisi wawili, kwa kuwa ni mafundi, tulimwelewa upesi: kazi inaweza kufanikiwa, na inaweza isifanikiwe. Sikuandikii kukulazimisha uje. Naandika kwa sababu kuna jambo unalopaswa kulijua kabla ya tarehe hiyo, na jambo lenyewe linaanzia kwa samaki. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata ukichukia katikati.

Lile tangi lako la kioo bado lipo, kwenye meza yake, sebuleni chini ya dirisha. Ulipoondoka uliliacha tupu, limepinduliwa juu chini. Miezi michache baadaye, mimi nikiwa chuoni, Baba alilijaza tena. Niliporudi likizo nilikuta kambare wadogo wanahangaika mchangani, nikaambiwa kuna mteja alimpa. Nilishangaa kidogo, maana si yeye aliyekuwa akisema mlio wa pampu ya hewa unamtoboa fuvu? Lakini sikuuliza. Kwa sababu utakayoielewa baadaye, miaka yote hiyo nimelipita tangi lile kama mtu anavyompita mbwa wa watu, macho mbele na mwendo wa kawaida.

Mwezi uliopita daktari alimkataza Baba kuinua kitu chochote kizito kuliko birika. Ndoo ya maji ya samaki ikaniangukia mimi. Baba hukaa kwenye kiti chake, shuka magotini, akaniongoza kama vile nafungua sefu ya benki. Maji yakae ndooni siku nzima kwanza, dawa ya bombani iishe. Nimimine polepole, samaki si bustani. Chakula kiwe kile kinachozama, kwa maana hawa hawali juu, wao riziki yao iko chini. Mchanga niupitishe mkono taratibu, na ole wangu nikirudisha changarawe. Dada, samahani kukwambia, changarawe yako ilikuwa inawakata sharubu. Baba aliitoa yote, akaleta mchanga laini na kuuchekecha kwa chekecheo la unga. Ndiyo, lile la jikoni. Ndiyo, bado tunalitumia.

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, nilikaa mbele ya tangi nikatazama. Wewe uliwajua samaki hawa kabla yangu, lakini niache nieleze nilivyowaona, kwa jicho la mtu anayelipwa kugundua tofauti ya unene wa ukucha. Walikuwa sita. Kila mmoja hazidi urefu wa kidole changu cha kati. Hawana magamba kama samaki wengine; wana deraya, vibamba vigumu vya safu mbili kila ubavu, vimepandana kama vigae vya paa. Mstari mweusi unapita juu ya macho kama kitambaa cha mwizi. Mwili una madoa madogo meusi. Kila baada ya muda mmoja wao hupanda juu kwa kasi, akameza funda la hewa na kurudi chini, kisha anakodoa macho kama hakwenda popote. Nilikaa pale saa nzima. Baba alidhani nimesinzia.

Siku ya tatu niliona kwamba mmoja si sawa na wengine. Rangi ni ileile, madoa yaleyale, mstari machoni uleule. Ila watano wana pua fupi ya duara, na wa sita pua yake ni ndefu na imeinama, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nilivaa miwani yangu ya kukuza ya kazini, nikachukua na kipimo changu, nikampimia kwenye kioo kila alipotulia. Kutoka jicho mpaka ncha ya mdomo amewazidi wenzake karibu mara moja na nusu. Hiyo si tofauti ya unene na wembamba. Hilo ni jino la mdomo mwingine.

Jumamosi nilimleta muuza samaki, yule ambaye mtaa mzima humwita Mzee Mapovu, ingawa hujawahi kumwona. Duka lake la ndege, samaki na chakula cha mbwa lilifunguliwa ulipokuwa umeshaondoka. Alikuja na tochi na maneno mengi. Alipiga magoti mbele ya tangi, akanyamaza, na Baba akaniambia baadaye kwamba hajawahi kuona muujiza mkubwa kama huo. Kisha Mapovu akasema watano hawa ni ndugu, na huyu wa sita ni jirani yao tu. Akaeleza kwamba kuna aina mbili za kambare hawa wenye deraya ambazo huishi mto mmoja na kuvaa sare moja, madoa kwa madoa. Wauzaji huwachanganya kila siku, hasa wakiwa wadogo, kwa kuwa pua ndefu bado haijatoka. Anayetaka kuwatenganisha asihangaike na nguo, atazame uso. Akatazama tena na kuongeza kwamba huyu mwenye pua ni mzee sana, miaka kumi au zaidi, na kwamba si kawaida kuwaona wakifika umri huo isipokuwa mikononi mwa mtu anayewajua. Baba alikuwa anaifuta miwani yake muda wote huo. Ilikuwa safi tangu mwanzo.

Mapovu alipoondoka nilianza kupiga hesabu ya miaka kumi, na hesabu haikutaka kukaa, maana samaki hawa waliingia wakiwa wadogo, na haijatimia hata miaka tisa. Nikaenda kabatini nikatoa daftari lako, lile la jalada la kijani lenye michoro. Ukurasa wa nne umechora samaki kwa kalamu ya risasi na kuandika kwamba wote sita uliowanunua wana pua ndefu. Chini yake kuna habari ya mmoja aliyenaswa mwiba wa pezi kwenye wavu, ukaukata wavu kwa mkasi ili usimuumize, na ncha ya mwiba ikavunjika hata hivyo. Pezi la kushoto. Ukamwita Bawabu, kwa kuwa alipenda kulala mlangoni pa kile kipande cha chungu na kumzuia kila anayetaka kuingia.

Nilirudi sebuleni na miwani yangu. Wa sita alikuwa amelala mlangoni pa chungu. Pezi la kulia lina mwiba mzima. La kushoto ni kigutu.

Nikuambie jambo ambalo limekuwa mbele yangu miaka yote na sikuliona. Kila asubuhi, kabla hajafungua kibanda chake cha kazi, Baba hugonga kioo mara moja kwa kucha na kuuliza, habari za mlangoni? Nilidhani ni mzaha wa fundi wa kufuli. Na ule wavu ulioukata bado unaning'inia nyuma ya tangi, umeshonwa kwa uzi mwekundu, mshono mbaya sana. Hautumiki. Baba huwahamisha samaki kwa gilasi, kwa sababu ya miiba.

Nilimuuliza. Nilimuuliza mchana, tukinywa chai, bila kupandisha sauti, na alinijibu vivyo hivyo, kama tunazungumzia bawaba za mlango. Alisema ndiyo, ndiye Bawabu. Siku ile ya msiba wa samaki wako, aliwaokota kutoka kwenye tangi ili akawafukie, na mmoja akachezesha sharubu mkononi mwake. Akamtia kwenye ndoo ya maji safi, akaificha chini ya benchi la kuchongea funguo, mahali ambapo wewe uliporudi uliapa hutakanyaga. Mwezi mzima uliokaa nyumbani kabla ya kuondoka, Bawabu alikuwa hatua ishirini kutoka kitandani kwako. Baadaye akajifunza kwamba kambare huyu akibaki peke yake hunyong'onyea, hali wala hatoki mafichoni. Basi akambeba kwenye chupa mpaka dukani, akamtafutia wenzake kwa kulinganisha madoa, doa kwa doa, kwa lenzi yake ya kazi. Akachagua watano na kurudi anajisifu moyoni. Nilipomweleza habari ya pua alicheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya moyo wake. Alisema ni aibu kwa fundi wa miaka arobaini: alilinganisha meno ya ufunguo akasahau kutazama shina.

Nikamuuliza kwa nini hakukuambia kwamba mmoja wa samaki wako amepona. Alijibu kwamba mtu aliyesema amewamwaga samaki kwenye mtaro hawezi kurudi kusema mmoja alitoka mtaroni. Uongo mmoja ukiegemea mwingine, ukivuta wa chini, wote unakuja.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa napakwepa tangu salamu.

Dada, Baba hakuwamwaga samaki wako. Niliwaua mimi.

Ulikwenda kwenye mafunzo wiki mbili, ukaniachia tangi pamoja na karatasi ya maelekezo. Ninayo bado. Mstari wa mwisho unasema, kitu chochote usichokijua usitie, nipigie simu. Siku ya nane niliona vidoa vyeupe mapezini mwao. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa anafuga samaki wa dhahabu aliniambia chumvi inaponya, na kwa samaki wake ni kweli. Sikukupigia. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilitaka urudi ukute nimeshamaliza, uniambie umefanya vizuri. Jumamosi asubuhi nilitia vikombe vitatu vya chumvi, kavu, moja kwa moja. Chumvi ilizama ikatanda juu ya changarawe, na samaki wako hulala tumbo chini. Walianza kupanda juu kumeza hewa, wakashuka, wakapanda tena, bila kupumzika. Nilijiambia dawa inafanya kazi. Kabla ya saa sita walikuwa wamelala ubavu.

Baba alirudi kula akanikuta nimekaa sakafuni. Nilimwambia yote. Hakunipiga, hakunifokea. Alinituma nikanawe uso, na nilipotoka uani tangi lilikuwa limeshakuwa tupu. Nikaamini wote sita wamekufa. Kisha akaniambia utakaporudi nisiseme neno, atasema yeye. Nilikataa, kidogo tu, kwa namna ya mtu anayetumaini hatasikilizwa. Alisema wewe ndiye uliyenibeba mgongoni tangu Mama alipofariki, kwamba jina langu hapa nyumbani linatokana na mgongo huo, na kwamba kijana hawezi kufiwa na mama mara mbili. Akasema yeye atatangulia, na sisi wawili tutabaki; basi hasira ni afadhali imwendee yule anayetangulia. Hakujua wewe unaweza kushika hasira kwa muda gani. Hata mimi sikujua. Alidhani ni ya mwezi mmoja.

Na wewe ulimwamini upesi, kwa sababu alikuwa ameshatishia mara mbili kwamba iko siku atawamwaga mtaroni wao na pampu yao. Alisimama hapo mlangoni akasema amewamwaga kwa kuwa amechoka na kelele. Ukanigeukia mimi ukaniuliza kama ni kweli. Nikaitikia kwa kichwa. Chumvi ilikuwa ujinga, na ujinga ninaweza kujisamehe. Kile kichwa sijakisamehe. Ulisema mtoto wako hatakanyaga nyumba ya mtu anayemwaga roho sita ili apate kimya. Wakati ule hukuwa hata na mchumba, lakini neno lako umelitimiza. Mpwa wangu ana miaka mitano na hajui babu yake ananukia mafuta ya kufuli mpaka kwenye mto wa kulalia.

Nimeona haya kwa miaka tisa. Nasema wazi kwa kuwa najua barua zangu huwa kavu, na wewe umewahi kuniambia ninaandika kama risiti. Kila Mwaka Mpya ulipoandika kwamba mimi ndiye pekee uliyebaki naye katika nyumba hii, niliisoma sentensi hiyo nimesimama, maana sikuweza kukaa nayo.

Baba hajui kwamba naandika. Nilipomwambia nataka kukueleza, alisema nisubiri apasuliwe. Akitoka salama tutazungumza. Asipotoka, basi nisiseme kabisa, kwa sababu marehemu hadhuriwi na hasira ya mtu, na mimi nitakuhitaji. Alilipanga kama anavyopanga misumari, kila mmoja kwenye kopo lake. Nimemsikiliza kama nilivyosikiliza karatasi yako.

Kwa hiyo hali ni hii. Hasira uliyo nayo ni halali, ila ina anwani isiyo sahihi. Ukitaka kuihamishia kwangu, ihamishe yote, usimwachie yule mzee hata kidogo kwa mazoea. Mimi nina umri wa kuibeba sasa. Kama hutaki kuniandikia tena nitaelewa, na sitakusumbua. Lakini tarehe ni kumi na tisa, na basi la asubuhi kutoka kwenu hufika hapa kabla ya saa kumi jioni.

Kama utakuja, njoo pia umtazame Bawabu. Mimi nimempima na nina hakika, Mapovu ana hakika, daftari lako lina hakika. Baba peke yake ndiye hajaridhika. Anasema kwenye kazi yake ufunguo haujulikani kuwa ni wenyewe mpaka mwenye mlango aujaribu, na mwenye samaki huyu bado hajamwona.

Msalimie sana shemeji, na goti lako ulipumzishe. Mwambie mpwa wangu kwamba kuna samaki hapa mwenye sharubu nyingi kuliko mjomba wake, na ni mkubwa kwake kwa miaka mingi, kwa hiyo akija itabidi amwamkie. Majirani ni wazima. Mkuu wangu pia, kwa bahati mbaya.

Jambo la mwisho. Baba amebadilisha kufuli la mlango wa mbele mara mbili tangu uondoke, na kila mara amechonga funguo tatu. Mmoja ninao mimi, mmoja anao yeye. Wa tatu huning'inia kwenye msumari ukutani, juu ya tangi, na sikuwahi kumuuliza ni wa nani. Leo asubuhi nimeutoa. Ndio huo uliokuwa unagonga ndani ya bahasha. Baba bado hajaona kwamba msumari uko wazi, au ameona na amenyamaza. Kunyamaza ni mazoea yake.

Mimi mdogo wako,

Mzigo